Shati la Kukatia Rufaa

Watu wakiniuliza nilipotezaje shamba la marehemu baba, nasemaga nilionewa. Uongo. Mahakama ya mwanzo Butiama ilipompa jirani yangu shamba hilo, nilikuwa na siku thelathini za kukata rufaa Musoma. Barua ya rufaa niliiandika kesho yake. Kilichokosekana ni sabuni. Miaka ile ya shida, duka la kijiji lilibaki na chumvi tu, na shati langu la pekee lilinuka ng'ombe.

"Nenda hivyohivyo," mke wangu alinisihi. "Siku hizi watu wote wananukaga."

Mimi, mjinga mwenye majivuno, nikamjibu siendi kumnukia hakimu.

Sabuni ilipofika nikafua, nikapiga pasi, nikaingia mahakamani Musoma ninang'aa. Karani aliisoma barua, akahesabu siku, akanirudishia.

"Mzee, umechelewa siku mbili. Ulikuwa unaumwa?"

Nikamweleza habari ya sabuni. Hapo ndipo nilipoiona kola yake mwenyewe, nyeusi kwa uchafu. Hakucheka. Aliniinamia, akalinusa shati langu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Hiyo sabuni umeipatia wapi?"