Saa ya Shimoni

Mjukuu wangu alirudi nyumbani Sikuda, huku Uganda, bila kupiga simu, na mtu anayerudi bila kupiga simu ana jambo. Nilikuwa nakaanga unga wa wimbi wa kutengeneza malwa, pombe yetu ya kunywa kwa mrija, moshi unaniingia machoni. Akashuka kwenye boda, akaweka begi chini, akanipokonya mwiko na kuanza kugeuza unga kwenye bati. Nikamwacha ageuze mpaka jasho lilipomtoka.

"Umefukuzwa?" nikamwuliza.

"Bado, kukhu. Nimesimamishwa." *Kukhu* ndiyo bibi.

"Tofauti yake nini?"

"Wanaangalia kwanza kama kosa ni langu."

"Na ni lako?"

"Sijui."

Hapo ndipo aliponiudhi. Nimemlea huyu tangu tulipomzika mama yake. Angesema ndiyo, ningemgombeza. Angesema hapana, ningemtetea. Sasa mtu akisema sijui utamfanya nini?

Anafanya kazi upande wa Kenya, kule bondeni wanakochimba mvuke wa kutengeneza umeme. Visima vyao si kama hivi vyetu vya maji. Vinakwenda chini sana, mpaka kwenye mawe yenye joto la kuunguza. Wakishachimba, wanashusha kwa waya chombo cha chuma, kirefu, cha kupima joto la kila mahali. Kule chini chombo hakiwezi kuongea na watu wa juu, kwa hiyo kinaandika ndani yake mwenyewe: saa fulani, joto kiasi fulani. Watu wa juu nao wana saa yao, wanaandika: saa fulani, waya umeshuka mita fulani. Chombo kikitoka wanalinganisha, ndipo wanajua joto hili lilikuwa kwenye mwamba upi. Saa hizo mbili zikipishana hata sekunde chache, kila kitu kimehama, kwa sababu chombo hakikusimama, kilikuwa kinashuka tu. Mjukuu wangu ndiye mwenye kuzitunza hizo saa.

Na zilipishana. Wakaweka bomba lenye matundu mahali pasipo penyewe, mwamba wenye mvuke ukabaki nyuma ya chuma kisicho na tundu. Wakamwambia hakuiweka saa sawa asubuhi ile. Yeye anakumbuka aliiweka. Lakini mtu akiulizwa jambo moja na wakubwa watatu, anaanza kutojiamini.

Siku zile mbili za kwanza nyumba yangu haikukalika. Anakwenda mpaka barabarani na simu, anarudi. Anaanza kuosha sufuria, anaiacha na povu. Usiku namsikia anajigeuza. Mimi nami nikaambukizwa. Nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia, nikawafokea kuku. Nilimwambia kama hawezi kukaa basi alime. Akalima mstari mmoja wa mihogo, akasimama katikati akiangalia jembe.

Siku ya tatu akafungua begi. Akatoa kibao kidogo chenye nyaya, cha aina ileile iliyo ndani ya chombo, kilichokuwa kimetolewa kazini kwa kuzeeka. Akanionyesha kidude kama punje ya mchele.

"Ndani ya hiki kuna kijiwe, kukhu. Ukikipa umeme kinatetemeka, na tunahesabu mitetemo. Hiyo ndiyo saa."

"Na tatizo lake?"

"Joto. Likibadilika, mtetemo nao unabadilika. Kwa hiyo hapa pembeni kuna kipima joto. Kinasema jiwe limepata joto kiasi gani, na saa inajirekebisha."

"Basi kama inajirekebisha, kosa liko wapi?"

"Hilo ndilo nataka kujua. Niazime bati lako."

Nikamwambia bati langu ni la wimbi, si la redio. Lakini nilimpa. Akalijaza mchanga, akatia kibao ndani ya kopo na kulifukia humo, nyaya zikatokeza kwenda kwenye kompyuta yake. Akawasha moto mdogo, akachuchumaa.

Jirani yangu, mzee ambaye pua yake inajua siku ya malwa kabla yangu, akaja kuangalia.

"Mama, leo tunakula nini?"

"Uliza aliyesoma," nikamjibu.

"Binti, umekwenda chuo miaka yote hiyo uje kukaanga mchanga?"

"Nakaanga saa, kuka," mjukuu wangu akasema bila kugeuka. *Kuka* ndiyo babu.

"Ikiiva uniite. Meno yangu hayawezi vitu vigumu."

Kwa moto mdogo ile saa haikuyumba. Joto lilipanda taratibu, na namba za kuonyesha imepishana kiasi gani na saa ya kompyuta zikakaa palepale. Alipoona hivyo akanywea, maana kama jiwe ni zima, mbovu ni yeye. Akaacha mchanga upoe. Kisha akasukumia kuni zote mara moja, moto ukaruka. Hapo namba zikaanza kukimbia. Baadaye, joto lilipotulia, zikatulia nazo, lakini muda uliokwisha kupotea haukurudi. Akarudia tena mpaka kuni zangu za kesho zikaisha. Ilikuwa vilevile.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Kukhu, unajua ukimimina maji ya moto kwenye chungu cha malwa? Juu kunatoka mvuke, lakini mrija unanyonya chini, na chini bado ni baridi."

"Ndiyo maana wanangoja kidogo."

"Kipima joto ndiyo pale juu. Jiwe ndiyo chini. Joto likija kwa haraka, kipima joto kinalipata kwanza, kinamwambia mwenzake ajirekebishe, kumbe jiwe halijapata kitu. Kinamdanganya."

Jirani akasema sasa ameelewa, na kama kuna malwa hapo yeye yuko tayari kufundishwa zaidi. Nikamwambia aende nyumbani.

Alipoondoka, nikamwuliza mjukuu wangu jambo ambalo niliona analizunguka.

"Siku ile chombo kilishuka haraka?"

"Haraka."

"Ulijua hakitakiwi?"

"Tunatakiwa kukining'iniza kwanza mdomoni mwa kisima, ndani kidogo, kipate joto polepole. Nilijua. Lakini wanaume walikuwa wamesimama, mashine inanguruma, kila mtu ananiangalia. Mmoja akaniambia, dada, tunakungoja wewe tu? Nikasema shusheni."

"Mbona hukuwaambia wangoje?"

"Kukhu, tangu mdogo nafundishwa wanaume hawangojeshwi."

"Na nani?"

Akaniangalia.

"Mimi nilikufundisha kuwaharakishia wanaume maji ya malwa," nikamwambia. "Sikukutuma uharakishe shimo. Usinitie mimi humo. Chukua simu."

Hakutaka. Alisema akilisema lile, atakuwa amewapa sababu ya kumfukuza. Nikamwambia akinyamaza watamtafutia sababu nyingine, na chombo kitashushwa vilevile na mtu mwingine, tena na tena. Akazunguka mchungwa, akarudi, akapiga, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

Akamweleza msimamizi wake kila kitu: mchanga, moto, jiwe.

"Kwa hiyo unakubali ni wewe," msimamizi akasema.

"Nakubali sikungoja. Saa niliiweka sawa. Na nyinyi mlinihimiza."

Nikasikia msimamizi anageuza karatasi.

"Njoo Jumatatu," akasema. "Tutakishusha chombo tena kwenye kisima kilekile, utangoja unavyotaka. Saa zikilingana, kazi ipo. Zisipolingana, usifungue begi."

Jumapili baada ya ibada nikamsindikiza mpaka Busia, tukavuka mpaka kwa miguu katikati ya malori. Askari mmoja akakitoa kile kibao kwenye begi, akakigeuza.

"Hii ni nini?"

"Saa."

"Mishale yake iko wapi?"

"Iliungua," nikamjibu mimi, maana msichana alikuwa ameanza kumweleza habari za mitetemo na basi lingemwacha.

Jumatatu sikwenda popote. Alipiga mchana. Nyuma yake mashine inanguruma.

"Kukhu, kimening'inia. Nawangojesha. Usiseme kitu, kaa tu kwenye simu."

Nikakaa. Nikamsikia mwanamume mmoja, "Madam, tulale hapa?" Na mwingine, "Leteni mablanketi." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Bado," akasema. Wakanung'unika, mtu akaita tena. "Nimesema bado." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilisikika vizuri. Kisha pesa ya simu ikaisha, nikabaki nimeshika simu kama jiwe. Nilitoka, nikaingia, nikachambua maharage ambayo yalikuwa safi.

Jua lilikuwa limeshuka alipopiga tena.

"Zimelingana."

"Zote?"

"Ziko mbili tu, kukhu."

"Najua ziko mbili. Msimamizi amesema nini?"

"Amesema nifungue begi. Na wiki ijayo kuna kisima kingine, kina joto kuliko hiki. Huko sijui jiwe litafanyaje."

Nilitaka kumwambia apumzike kwanza, lakini akasema lazima akate. Chombo kilikuwa kimetoka shimoni kinachemka, na wale wanaume walikuwa wamesimama pembeni wakingoja yeye aseme kama kinagusika.