Mama Alipokataa Uji

Mpaka leo, nikisikia harufu ya uji wa uwele uliokolea sukari, natoka nje. Hata kama ni msibani, hata kama ni kwa mwanangu mwenyewe, natoka nasimama uani mpaka sufuria ifunikwe. Watu hudhani nina kichefuchefu. Waache wadhani.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwapo asubuhi ile mama yangu alipopigishwa magoti katikati ya uwanja wetu, kule Hombolo, tumbo lake limekuwa kubwa hata hawezi kukaa vizuri juu ya visigino. Mbele yake alisimama Bibi Chiku, mama yake baba, ameshika bakuli kwa mikono miwili. Kando yake Shangazi Yudith, dada yake baba, ndiye aliyeitisha kikao. Wanawake wa jirani walijipanga kwenye kivuli cha ukuta wa tembe. Na baba, Yohana Malogo, alikaa kwenye kigoda akitazama vidole vyake vya miguu.

Shangazi akasema, "Mama Neema, kama mama yetu si mchawi, kunywa tukuone."

Mama akanywa. Aliunywa wote, polepole, machozi yakidondokea humo humo. Alipomaliza aliligeuza bakuli ili waone kwamba ni tupu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi ndiye huyo Neema, nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na nilifurahi kweli. Nilidhani ugomvi umekwisha.

Sasa nisikilizeni jinsi ilivyofika hapo.

Mimi nilizaliwa miaka ya foleni. Sukari ilifika duka la kijiji kwa kubahatisha, na bibi alilificha kopo lake uvunguni kama mtu aliyeficha mwizi. Ikaja miaka ya ruksa. Watu wakafungua maduka yao pale senta, sukari ikajaa magunia, na bibi, aliyelea wanawe kwa uji wa ubuyu mtupu, akaapa kwamba mkwe wake hatabeba mimba kwa uji mchachu. Lazima niseme haki: alimpenda mama. Kila asubuhi alimletea uji mtamu mpaka midomo inanata. Mapenzi yake yote aliyatia humo.

Mimba ile ilikuja na kiu isiyoisha. Mama alikuwa akimaliza mtungi na kurudi chooni kama aliyetumwa, na tumbo lilikua kupita miezi yake. Zahanati wakamwambia aende hospitali ya mjini. Baba akamsindikiza. Waliporudi, mama hakugusa uji. Alisema mkojo wake una sukari, amekatazwa vitu vitamu mpaka ajifungue.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisukari? Si ugonjwa wa wazee wenye vitambi na maduka? Mpogoa zabibu kakipata wapi? Tena ugonjwa gani huo wa kuondoka mtoto akizaliwa, kama mgeni aliyeaga?

Siku za kwanza walicheka. Baadaye hawakucheka. Kwetu wanawake walikula sinia moja. Ukikataa chakula cha mama mkwe mara moja, unaumwa. Ukikataa kila siku, nawe una mimba, umemwita mchawi bila kufungua mdomo, na majirani wamesikia. Bibi akaanza kulia hadharani, mtu mzima yule. Shangazi Yudith akaja kutoka Kibakwe alikoolewa, na ulimi wake akaja nao. Alisema mama anakagua vyungu vya watu kama bwana afya. Maneno hayo yalifika kisimani kabla ya mama mwenyewe.

Kisimani wakawa wanampisha ateke peke yake. Ungedhani ni heshima. Shambani, kwenye kupogoa zabibu, kila mstari ulikuwa na wanawake wawili wakipiga soga. Mama alipewa wa mwisho, yeye na kisu chake. Ugali wake kidogo na mlenda alikula nyuma ya nyumba, ameelekea ukuta. Nilikatazwa kula naye. Nikipita aliniita, akaniomba nimwambie chochote, hata alichosema mwalimu. Ikafika mahali akawa anaongea na kuku. Aliwauliza kama wameshiba, kama wamelala vizuri. Sisi watoto tulimwigiza, tukacheka.

Na muuguzi wa kliniki, Sista Roza, naye namtaja. Nilikuwepo, nimeshika kanga ya mama, siku alipomwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumbani hawamsemeshi. Akajibiwa mbele ya foleni nzima, "Mimi napima mkojo, mama. Sipimi ugomvi." Foleni ikacheka. Mama akanivuta mkono, tukatoka.

Ndipo kikafuata kile kikao.

Sisemi bakuli moja liliua. Niliwahi kumuuliza daktari, akasema bakuli moja haliui. Lakini tangu siku ile mama aliacha masharti yote. Alikunywa uji kila asubuhi, akala sinia moja na wenzake, na wao wakarudi: wakamsuka, wakamchekesha, wakamwita kisimani. Nilimwona uso umenawiri, nikasema moyoni, mama amepona.

Mtoto alitoka mkubwa, mzuri, kimya. Wa kiume. Msibani Shangazi Yudith akasema kwa sauti kwamba mama alimshindisha njaa tumboni. Wanawake wakamkimbia tena, na safari hii hawakurudi.

Nilikuja kuelewa nikiwa na mimba yangu mwenyewe, mjini Dodoma, nilipoambiwa maneno yale yale, kwamba mkojo una sukari. Muuguzi wangu alikuwa binti mdogo. Hakuanza na sukari. Aliniuliza, "Nyumbani unakula na nani?" Nililia mpaka akafunga mlango. Mama hakushindwa na utamu, jamani. Alishindwa na kukaa bila mtu. Alijua kilichomo kwenye uji ule, akaunywa ili asemeshwe.

Nikapanda gari kwenda kumuuliza. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: siku ile mjini, chumbani kwa daktari walikuwa wawili, yeye na baba. Daktari alimgeukia baba, akamwambia amlinde mkewe na vitu vitamu, la sivyo mtoto atapotea. Baba akaitikia, "Nimeelewa."

Bibi alikufa hajui, simsumbui kaburini. Shangazi Yudith nimemuuliza, anasema ni mipango ya Mungu, kisha anakwenda kwaya. Wewe, baba, unaishi kwangu. Nikikuuliza unajifanya masikio yamezeeka, na mpira wa redioni unausikia vizuri. Ulikuwa mwana wa pekee wa kiume wa mama yako. Ungesema tu, "Daktari amemkataza, nilisikia mwenyewe," angekuamini, angekwenda kumpikia mlenda kwa mikono yake. Mama amekufa hajakuuliza. Mimi nakuuliza, Yohana Malogo, mbele ya kila anayesoma hapa: ulinyamaza kwa nini? Nimekaa. Nijibu.