Kitanda Kinaangalia Wapi

Mama alilisema jambo lake akiwa anapara samaki, wala hakuinua uso. Alisema kabla macho hayajamzimikia kabisa angependa alale mahali ambapo akifumbua jicho asubuhi anaiona bahari, yeye bado yuko kitandani. Basi. Hakuomba pilau, hakuomba muziki wala zawadi.

Mtu wa bara atashangaa, mwenyeji wa Dar es Salaam kuililia bahari. Lakini mama alikaanga samaki Mbagala tangu mimi sijazaliwa, na bahari aliyoijua ni ile ya mnadani Feri alfajiri, amesimama kwenye maji machafu na magamba, anasukumwa, jicho moja liko kwenye fungu la vibua na jingine kwenye pochi yake. "Mie bahari nimeiona nikiwa na haraka," alisema. "Nataka niione nimelala, sina ninachonunua."

Daktari alikuwa ameshatuambia wazi. Ni presha ya macho, inakula mwanga kutoka pembeni kuja katikati, kilichokwenda hakirudi, na zile dawa za matone zinachelewesha tu. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba ombi la mama lilikuwa na mwisho wake, na mwisho wenyewe hauko mbali.

Tulizaliwa watatu. Kaka ndiye mkubwa, ana duka la vipuri vya magari na nyumba Bunju yenye geti linalojifungua lenyewe, na kwa sababu ya geti hilo anaamini Mungu humsikiliza yeye kwanza. Dada anauza mabaibui Temeke, na hajawahi kusema neno jema bila kutazama nani anamsikia. Mimi ni kitinda mimba. Nilirudi kwa mama na begi moja baada ya talaka, kwa hiyo kwenye vikao vya familia kura yangu haihesabiwi. Mikono yangu ndiyo inahesabiwa. Kisha yupo wifi yangu, mke wa kaka, mwenye macho mawili mazima ambayo yote huyatumia kujitazama.

Kaka akaandika kwenye kundi la simu la familia kwamba mama atapelekwa hoteli ambayo hataisahau. Tukaweka mioyo na mikono ya dua. Siku ile nilimpenda kaka yangu, nasema kweli.

Halafu tukaanza kuchagua. Mimi nilikuwa nimeshapata pahali wiki ileile. Ilikuwa nyumba ndogo ya wageni Kigamboni, vyumba vinne, na mwenyewe aliniapia kwa simu kuwa chumba cha mwisho kitanda kinaangalia baharini, huna haja hata ya kuinua kichwa. Kilikuwa wazi Jumamosi ile. Nilipoweka picha zake, kaka akauliza kama ninataka kumlaza mama gesti. Dada akaandika, mbele ya wote, kwamba nimezoea kuokota vya chini, na kwamba aibu ya ndoa yangu imewatosha. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanafikiria.

Wakafikiria masika yote. Wifi alitaka hoteli inayoleta kifungua kinywa kwenye sinia linaloelea ndani ya bwawa, kwa sababu shoga yake alipiga picha hiyo na yeye akalala na njaa ya roho. Ilipopatikana, dada akasema pana baa, mama yetu hawezi kulala juu ya walevi. Dada akaleta yake, kaka akasema iko karibu mno, watu watadhani mambo yamemwendea kombo. Ikapatikana ya mbali, wifi akasema mchanga wake ni mweusi kwenye picha. Mfungo ukaingia tukasimama. Idi ikapita, kaka akasafiri kufuata mzigo, akarudi, tukaanza upya.

Kila walipokuja Mbagala walimwekea mama simu usoni. Mama, hii unaionaje? Na hii, yenye makuti? Mama alikuwa anajibu nzuri. Zote zilikuwa nzuri. Kaka akachoka, akamwambia yeye naye hasaidii, kila kitu nzuri, achague moja. Mama akauliza swali ambalo alikuwa analiuliza kila mara na hakuna aliyewahi kumjibu: "Kitanda kinaangalia wapi?"

Mimi nilijua kwa nini zote zilikuwa nzuri. Nilikuwa nimemwona akimimina chai na kidole chake kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe, ajue imefika wapi. Nilimwona akipapasa kuta za koridoni kana kwamba anazifuta vumbi. Katika nyumba ile aliyokaa maisha yake yote alikuwa anajua kila kizingiti, akipita mbele ya mgeni huwezi kumdhania. Nilipomgusia, alinishika mkono kwa nguvu. "Ukisema, hatuendi," alisema. "Nikifika pale, hata kama ni mwanga wa upande mmoja tu nitaupata. Nyamaza." Nikanyamaza, kwa kuwa lilikuwa jambo lake, halikuwa langu.

Mwishowe wakakubaliana. Ilikuwa hoteli ya kaskazini, mbele sana ya Bunju, yenye mlango mkubwa wa kuchongwa na bwawa na sinia na kila kitu. Chumba kimoja cha ghorofani kinachoangalia bahari kiliandikwa kwa jina la mama, na viwili vya chini, upande wa nyuma, vilikuwa vyetu sisi wengine. Njiani mama alikaa mbele, kichwa ameinua, amevaa mtandio mpya. Alikuwa anauliza tumefika wapi, lakini kwa akili: "Hapa napo pamebadilika, eti?" Kaka akawa anamtajia, na yeye anaitikia.

Pale mapokezi palikuwa na kidimbwi cha samaki wa mapambo, kimechimbwa sakafuni, hakina ukingo. Wifi alikuwa amekisifia kwenye kundi kwa wiki nzima. Nilikuwa nashusha mizigo. Mama aliteremka mwenyewe, akanyoosha mgongo, akatembea kwa madaha kuelekea kwenye sauti za watu, akaingia ndani ya kidimbwi kwa mguu mmoja, hadi kwenye muundi.

Hakupiga kelele. Alisimama humo, samaki wanamzunguka mguu, akasema alitaka kunawa. Wageni wawili waliokuwa wanakunywa maji ya dafu wakacheka kwa adabu. Kaka hakucheka. Alimtoa mama kwa kiwiko, akamsimamisha mbele ya kaunta, msichana wa mapokezi anatazama, akainua mkono wake mbele ya uso wa mama yetu.

"Mama, hivi vidole vingapi?"

"Unaniuliza mie? Mie ndo nilikuhesabia vidole siku umezaliwa."

"Nijibu. Vingapi?"

Mama akatabasamu upande ambao kaka hakuwepo. "Vitatu," akasema.

Kaka alikuwa amefumba ngumi. Aliishikilia pale hewani kitambo, ili dada aione, ili wifi aione, na msichana wa mapokezi akainamia funguo zake akijifanya anazipanga. Nilitamani ile ngumi angejipiga nayo mwenyewe. Dada akasema kumbe tungebaki zetu nyumbani. Wifi akasema jamani, na hela zote hizi. Kaka akageuka kwangu akauliza nilijua tangu lini, nikashika begi la mama, akasema basi mimi ndiye niliyewatia hasara.

Kisha akamwambia yule msichana, kwa sauti yake ya dukani, kwamba ufunguo wa ghorofani ampe yeye na mke wake. Mama atalala chini na mimi. Ngazi zitamtesa bure.

"Kile chumba ni cha mama," nikasema.

"Akaangalie nini?" akasema kaka.

Hilo kaka alilisema huku mama akiwa katikati yetu, mguu mmoja unachuruzika maji kwenye marumaru. Nilimtazama nikitegemea ulimi wake, maana mama yangu alikuwa na ulimi wa kuwaondoa sokoni wachuuzi wenye mapanga ya kukatia samaki. Alisema tu kwamba chumba chochote kitamfaa, aondolewe kile kiatu.

Tangu hapo walianza kumsemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba na masikio nayo yamekwenda. Mezani wifi alimkatia samaki vipande vidogo mama yetu, mwanamke aliyekuwa anachambua miiba ya kibua kwa ulimi huku anahesabu chenji. Mama alikula vyote akashukuru. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja. Akaniuliza linaangalia wapi nikamwambia ukweli, kwamba linaangalia jenereta na kamba za kuanikia mashuka. Akasema afadhali, jenereta analijua. Lilinguruma kiasi kwamba hata sauti ya mawimbi haikutufikia. Nilikuwa na hasira iliyoniuma taya, na sikuwa na gari, wala sikuwa na pahali pengine pa kumpeleka.

Asubuhi wifi akagonga. Alikuwa amejipamba. Akasema mama avae lile gauni jipya na mtandio wa bluu, wampandishe juu sasa hivi, jua limekaa vizuri kwa picha.

Ngazi zilezile zilizokuwa zimtese. Kaka alimshika huku, dada kule, wakampandisha haraka kabla jua halijawa kali. Chumba kilikuwa kipana, dirisha limechukua ukuta mzima, na kitanda kinaangalia baharini moja kwa moja, kama alivyotaka. Kilikuwa bado na joto la kaka na mkewe. Wifi alikusanya taulo bichi akalitupa chooni, akavuta shuka, akamlaza mama, akampangia mito mgongoni na kumfunika hadi kiunoni, aonekane ndiyo kwanza anaamka.

"Mama, tazama huku. Siyo huko, huko ni kabati. Huku."

Mama akageuza uso. Haukufika. Dada akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakisogeza mpaka wifi akasema hapo hapo, tabasamu. Mama akatabasamu. Wakapiga nyingi. Wakapiga na kaka amekaa ukingoni mwa kitanda ameushika mkono wake, na dada ameegemeza kichwa begani. Waliniita na mimi, nikakataa, dada akasema nina roho mbaya.

Kaka alishaanza kuandika. Aliisoma kwa sauti tuikubali: ndoto ya mama imetimia, hatimaye ameamka akiiona bahari. Wifi akamwambia aongeze alhamdulillah. Akaongeza, akaituma kwenye kundi la ukoo mzima.

Mama alikuwa bado amelala vile walivyompanga. "Ikoje leo?" akauliza.

"Nini?" Kaka alikuwa anatazama simu.

"Bahari."

"Maji tu, mama."

Nilikwenda dirishani. Nilitaka kumweleza, maji yalikuwa yamepwa na kulikuwa na wanawake mbali kule wanaokota chaza, nikafungua mdomo. Mama akainua mkono kunizuia. "Nimemuuliza yeye," alisema. Tukasubiri sote wawili. Simu ya kaka ikawa inalia ting, ting, ting, na kaka anacheka na wifi kuhusu maneno ya shangazi mmoja.

"Nirudishe chini," mama akaniambia.

Tulishuka taratibu, hakuna aliyetufuata. Nilimkalisha kwenye kitanda chetu, nikamvua lile gauni, jenereta linanguruma. Akauliza watu wanasemaje huko kwenye simu. Nikamsomea. Wanasema mashallah. Wanasema umezaa, mama. Jirani yetu anasema Mungu ampe kila mwanamke watoto kama hawa.

Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Kisha akafuta mdomo kwa kiganja akasema niwajibu.

"Niwajibu nini?"

"Waambie mama anasema wanawe wamemchagulia pazuri."

Niliandika hivyohivyo, neno kwa neno, nikatuma. Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka moyo.