Nilimnyoa nyayo mtoto wa mbwa wa jirani, mkono wangu wa kinyozi ukaniumbua

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa shikamooni.

Hii siyo chai. Imenitokea hapahapa Mapinga, na mke wangu kaniruhusu niiandike kwa sharti nisiongeze chumvi.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa tisa huu. Watoto wanaolia nawanyoa mimi, wazee wenye vipele nawanyoa mimi. Nasema mapema mjue kiburi kilitokea wapi.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake. Binti yake alipohamia nje ya nchi alimwachia mtoto wa mbwa wa manyoya marefu, jike, jina Kashata. Jioni utamsikia Mwalimu anamsimulia Kashata habari za siku nzima. Msicheke, upweke mbaya.

Ijumaa Mwalimu akapata msiba Morogoro. Akatuletea Kashata mpaka Jumapili.

"Baba Nasra, huyu ndiye niliyebaki naye. Nakuachia amana."

Sasa Mama Nasra, mke wangu, ni mtu wa dini hasa. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na yeye kazi hiyo haitaki. Alikubali kwa sababu ya lile neno amana tu. Kashata akae uani, na yeye akipita uani anapita na fagio mkononi.

Jumapili mchana namwona Kashata anachechemea. Kutazama chini ya unyayo, manyoya yamejaa katikati ya vidole, yamesokotana na mbigili. Nikasema ahaa, hii si ndiyo kazi yangu hii!

Nikafungua video moja. Jamaa anasema tumia mkasi wa ncha butu, nenda polepole. Nikaona ananichelewesha, nikafunga.

Nikamviringisha Kashata kwenye taulo, nikawasha mashine. Miguu mitatu ikaenda safi kabisa. Katulia, ananilamba kidole. Nikaanza kuwaza nitundike bango saluni, "na mbwa tunanyoa".

Mguu wa nne, wa mbele kulia, ndio wenye mbigili. Mashine ikakwama. Nikachukua mkasi wangu wa kazini, ule mkali, nikavuta fundo la manyoya, nikakata.

Wakuu, halikuwa fundo la manyoya. Ilikuwa ile ngozi laini inayounganisha vidole.

Ule mlio sitausahau. Damu ikaanza kudondoka kwenye sakafu.

Na hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Kinyozi akimkata mteja hafikirii, mkono unakwenda wenyewe kwenye pamba na spiriti. Miaka tisa ndivyo nifanyavyo. Nikamkandika pamba ya spiriti kwenye kidonda kibichi.

Kashata akachomoka kwenye taulo, akanipita katikati ya miguu. Geti wazi, na nyumba yetu ni ya pili kutoka barabara ya Bagamoyo. Jumapili mnaijua, watu wanarudi Dar kutoka matembezini, wanaendesha kama wamefiwa.

Nakimbia, kandambili moja imebaki uani, naita "Kashata! Kashata!" Kila nikiita anaongeza mbio, maana anayemuita ndiye aliyemchoma. Kulia kwangu lori la mchanga linakuja.

Mama Nasra alikuwa anarudi dukani na mkate. Nilimwona akimtazama mbwa, akalitazama lori. Mkate ukaenda huko. Akapiga magoti kwenye kokoto, akamdaka Kashata kwa mikono miwili mitupu, akambana kifuani kwenye kanga yake.

Lori likapita na honi ndefu.

Nilipofika, Mama Nasra bado kapiga magoti. Kashata anamlamba shingo, kanga imelowa damu. Nikanyoosha mkono nimpokee.

"Usimguse wewe!"

Damu haikatiki. Nikampigia bwana mifugo wa Kerege. Akanifokea kwanza, halafu akasema weka pamba kavu safi, bonyeza, usifunuefunue, nakuja na pikipiki.

Nikashindwa hata hilo. Kila baada ya muda mfupi nafunua nione, damu inaanza upya. Mama Nasra akaninyang'anya pamba. Akakaa kizingitini, Kashata mapajani, akabonyeza bila kupepesa. Alasiri ikaadhiniwa, hakuinuka. Midomo yake ilikuwa inacheza tu.

Mimi nimesimama pale nawaza, Mwalimu ametoka kuzika, anafika hapa namwambia nini? Nililia wakuu, acha niseme ukweli.

Bwana mifugo alipofika damu ilikuwa imekata. Akasafisha, akafunga bandeji, akasema angalau vidole ni vizima.

Mama Nasra akaenda bombani na kopo la udongo. Akajiosha mikono na shingo anahesabu kwa sauti, moja mpaka saba. Kisha kanga. Kisha akaswali.

Mwalimu alikuja jioni. Nilimweleza yote, hata spiriti sikuificha. Alimpakata Kashata, akaupapasa ule mguu wenye bandeji.

"Baba Nasra, ungeniua."

Akambeba Kashata, akaondoka naye. Heri angenitukana.

Nilichojifunza: manyoya ya nyayo nyoa kidogo kidogo, mkasi butu, mwenzio amshike. Ukikuta fundo, papasa kwanza kwa kidole ujue ngozi iko wapi. Na spiriti waachie binadamu.

Juzi Mwalimu kasafiri tena. Nilijua hatatuletea. Akabisha hodi, nikafungua, akanisalimia vizuri tu, akanipita. Akaenda kumkabidhi Kashata Mama Nasra, mkononi. Na Mama Nasra akamtandikia uani ile kanga aliyoifua mara saba.

Haya, wenye mbwa njooni mnipe makavu, nyayo mnanyoaje? Na wale wa "mbwa najisi" mje taratibu, mwenye nyumba, Mama Nasra, anasoma huu uzi.

Mimi niko hapa uani na Kashata. Anacheza na mimi vizuri, ila nikinyoosha mkono tu, anaukalia ule mguu wa kulia.