Arlys na Kinanda cha Chuo Kikuu

Arlys Hoekstra alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la kijijini kwao, huko kwenye mashamba ya mahindi ya Iowa, tangu akiwa msichana wa shule. Waumini wakazeeka, wakazikwa mmoja mmoja, mwishowe kanisa likafungwa. Mumewe naye alikuwa ameshafariki. Binti yake akamleta huku mjini, akampangia nyumba inayopakana na yangu. Binti mwenyewe anafanya kazi Chicago. Huja sikukuu kwa sikukuu.

Majira ya baridi yalipomchosha nilimwambia aende shule ya muziki ya chuo kikuu akasikilize kinanda, mlango huwa wazi. Akaenda peke yake. Ukumbini alikuta mabomba ya kinanda yamepanda ukutani mpaka darini, mengine manene kama shina la mti, mengine membamba kama kalamu. Viti vyote vilikuwa vitupu. Juu kwenye kinanda, mwanafunzi aitwaye Maren alikuwa akifanya mazoezi. Sauti nzito ilipolia, Arlys aliisikia kwenye nyayo kabla haijamfika masikioni.

"Bibi, mbona umejibanza huko nyuma?" Maren akaita. "Unapiga?"

"Nilikuwa napiga. Chetu kilikuwa kabati tu mbele ya hilo jumba lako."

"Njoo basi! Hakiumi."

Arlys akapanda, akavua buti, akakaa kwenye kinanda na soksi tu, maana vibao vingine hukanyagwa kwa miguu. Safu nne za vibao vya mikono zikamchanganya. Maren akamchagulia sauti laini. Arlys akapiga wimbo wa mazishi wa kanisani kwao, wa Kiholanzi, lugha ya wazee wao. Ubeti wa kwanza ulipoisha akanyanyua mikono, akatulia, kisha akaendelea. Wa pili, vivyo hivyo.

"Umesahau, bibi?"

"Sijasahau. Nawasubiri waimbaji wavute pumzi."

Maren akageuka kuvitazama vile viti.

"Mume wangu alikuwa wa mwisho kumaliza ubeti siku zote," Arlys akasema. "Nikimwacha nyuma, ananinunia mpaka jioni."

Maren akajaribu kuimba naye, lakini maneno hakuyajua, akawa anafuatisha sauti tu, midomo ameifumba. Arlys akafika mwisho, akamshukuru, akavaa buti zake.

Aliponigongea mlango kunisimulia, hata koti hakulivua. Nikamuuliza kama atarudi.

"Kusikiliza, nitarudi. Kupiga, basi. Wa kuimba nami hawapo tena."

Siku hizi alasiri namwona akishuka ngazi taratibu kwenda chuoni, ameshikilia chuma cha ngazi. Huko ukumbini huketi safu ya nyuma, Maren humpungia mkono, naye humpungia.