Nilijisifia Pemba, Shamba la Shangazi Likakosa Msaada

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Mdomo wangu ndio ulioharibu, na jina langu nalificha kwa aibu.

Nilipotoka Pemba baada ya mapinduzi nilihangaika Mombasa, nikahangaika Dubai, kote sikai. Mwisho shangazi yangu akanipokea hapa Maskati, kwenye shamba la mumewe huko Ghubra. Mumewe ni Mwarabu wa hapahapa, Kiswahili hajui hata neno. Riziki yao yote ni midimu. Ndimu wanazianika mpaka zikauke, kisha wanaziuza sokoni Matrah.

Ikaja tufani! Wadi, lile bonde la maji ya mvua, ikafurika, midimu ikang'oka ikalala mizizi juu. Kisima kikajaa tope.

Tukasikia serikali itawapa wenye mashamba pesa za kupandia upya, ila kwanza mtu wa wali, yaani mkuu wa serikali wa hapa, apite, aone tufani imeangusha nini. Mume wa shangazi akawa kila saa yuko njiani anachungulia.

Mtu huyo akaja. Kumbe kazaliwa Wete, kwetu Pemba! Jamani, furaha niliyoipata! Tukakaa mkekani na kahawa yetu, tukazama kwenye Kiswahili. Mwenye shamba anatutazama na kutabasamu, anadhani namwombea.

"Tufani kubwa hii," akasema mgeni.

"Hii tufani, bwana? Hii imepuliza tu! Na hivi navyo ni vidimu? Tangu nifike nnaviona vimekauka. Ungeona mikarafuu ya kwetu!"

Akacheka. "Vilikauka tangu kabla ya tufani?"

"Kuni tupu!"

Wallahi nilisema hivyo. Na si kweli! Midimu ile ilikuwa ikizaa mpaka matawi yanainama. Nilitaka kuisifu Pemba tu, nicheke na mtu wa kwetu.

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la halua. "Weye mwana weye!" akapiga kelele. "Bwana, usimsikilize huyu, anafanya mzaha!"

"Bibi, nimemuuliza, kanijibu." Mgeni hakucheka tena. Alimaliza kahawa yake akaondoka.

Majirani wakalipwa. Sisi tukaambiwa midimu yetu ilikufa kwa ukavu. Nikamfuata yule mtu mpaka kwa wali, nikamwambia nilisema uwongo.

"Ulisema mwenyewe, hukulazimishwa," akanijibu. "Sasa nikuamini lipi?"

Nikarudi shambani mikono mitupu.

Mume wa shangazi akamuuza ng'ombe wake wa kuvutia maji kisimani. Jioni ile alinishika bega, akaniambia kwa Kiarabu, "Allah akulipe mwanangu. Nilikuona ulivyonitetea."

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama chini. Mpaka leo hajamwambia mumewe nilichokisema, na mimi ulimi hauinuki.

Nyinyi mlio ugenini kama mimi, kumbukeni kwenu, lieni mkitaka. Lakini nyumba inayokulisha usiitukane kwa ajili ya kumchekesha mgeni! Mimi niliyezoea kuhama kila nikichoka, safari hii nashindwa hata kufunga mzigo wangu. Kila tukikaa kula, mzee wa watu ananisogezea sahani.

"Ongeza, mwanangu," ananiambia. "Mbona huli?"