Marobota Yaliyokuwa Chini ya Mkeka Wangu

Mpwa wangu anafuga ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Kahama. Majani yake ya kiangazi huyafunga kwa mashine, yakawa marobota ya mviringo yaliyovikwa nailoni nyeupe kama maharusi. Nikimtembelea napewa kila kitu: kiti chenye mto, chai ya maziwa, kipande kinono cha kuku. Ila nikitaka kwenda uani, yalikopangwa marobota, hunisindikiza mwenyewe.

"Mjomba, tazama kwa macho tu."

Naweka mikono nyuma kama mfungwa mstaafu. Simlaumu. Bibi yake, yaani mama yangu, alihakikisha ukoo mzima unajua nilichofanya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu, si mbali na Kolandoto. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kupumzika kidogo. Mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo. Wenzangu walikwenda upande wa Geita kutafuta dhahabu. Mimi niligundua kwamba nyumbani kuna kivuli, kuna mama, na kuna maziwa mgando.

Maziwa yalitoka kwa ng'ombe mmoja mwekundu, mali ya mama mwenyewe. Alimnunua kwa pamba yake, mwaka ambao mzigo wake wote ulipokelewa kuwa safi, bila hata kilo moja kuitwa fifi, yaani pamba chafu ya bei ya chini. Mwaka ninaousimulia, ng'ombe huyo alikuwa na mimba, na ngitili yetu, kile kipande cha malisho tunachokifunga masika ili kitufae kiangazi, ilikuwa imeota vibaya. Kaka yake mama, aliyehamia Geita kwenye majani mengi, alileta ujumbe: mvua za vuli zisipokuja mapema, atakuja kumchukua ng'ombe akamtunze huko.

"Ng'ombe akienda kwa mjomba wako," mama aliniambia, "hurudi akiwa habari."

Ndipo bwana mifugo alipokuja na baiskeli yake kutufundisha kuvundika majani. Mama Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kununulia chumvi, kwa hiyo mimi msomi nikawa mkalimani. Katakata mabua ya mahindi yangali mabichi. Shindilia kwenye gunia lenye nailoni ndani mpaka lilie. Funga, usifungue mpaka kiangazi kikolee. "Adui ni hewa," alisema. "Hewa ikiingia, ukungu umeingia." Nilitafsiri kila neno, tena kwa madaha. Mama alilishika neno lile. Mkalimani ndiye aliyelipitisha mdomoni bila kulimeza.

Nailoni tulizipata kwa mwenye duka la Kihindi mjini, zilizofungiwa majora ya vitambaa. Majirani wakaja kutusaidia kushindilia, wakiimba zile nyimbo za kukanyagia pamba, na jioni tukawa na marobota kumi na mawili. Tukayapanga chumbani kwangu, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwapo sikuzote. Manane niliyasimamisha ukutani. Manne niliyalaza chini, nikatandika mkeka juu yake, nikapata kitanda kizuri kuliko kile cha bweni.

Siku ya tano nikagusa robota moja la ukutani. Lilikuwa na joto! Nikanusa: uchachu, kama pombe iliyoanza kuamka. Sasa mtu aliyelelewa kwenye pamba anajua jambo moja kabla hajajua jina lake: gunia likipata joto, mali inaoza, ianike haraka. Utoto wangu wote mama alikuwa akipindua pamba kwenye mikeka na kuniambia, "Ipe hewa, mwanangu, ipe hewa." Nikaona bwana mifugo hajui pamba, maskini.

Basi kila asubuhi, mama akishakwenda shamba, nilifungua marobota manane, nikayapanua midomo, nikayapepea kwa kifuniko cha sufuria. Karibu na saa sita niliyafunga tena kwa fundo lile lile. Yale manne ya chini nilikusudia kuyapepea pia, kwa kweli. Lakini ingebidi kuinua mkeka, na kuinua mkeka kulitaka kwanza mimi niondoke juu yake.

Mama alinisifu kwa majirani. "Mnamcheka huyu wangu kwa kukaa ndani. Analinda chakula cha ng'ombe."

Kiangazi kikakolea. Bwana mifugo akaja, mama akafungua robota la kwanza uani mbele yake. Vumbi jeupe likatutokea usoni. Ndani kulikuwa na ukungu kama pamba iliyopasuka, mweupe, wa kijani, mweusi. La pili vilevile. Lilipofika la nane mama alikuwa amekaa chini.

"Nichambue mazuri?" aliuliza, nami nikatafsiri kwa sauti ndogo.

"Asithubutu. Ukungu huu utamtoa ng'ombe mimba. Nani alifungua haya?"

Hilo sikulitafsiri. Lakini mama alikuwa akinitazama, na kumbe Kiswahili chake kilitosha.

"Nilikuwa nayapa hewa, mayu," nikasema.

Mama aliingia chumbani, akavuta mkeka wangu, akafungua robota la chini. Majani yalikuwa ya rangi ya zeituni, yamelaliana kama kurasa, yananukia uchachu mtamu. Bwana mifugo akachota kiganja, akanusa kama mtu aliyepewa ugoro mzuri.

"Haya nani ameyashindilia hivi?"

Mama akanielekeza kwa kidevu. "Ameyalalia. Laiti ungekuwa mvivu zaidi, mwanangu, tungekuwa na kumi na mawili."

Manne tukayapima kwa kiganja, asubuhi na jioni. Mjomba akafika, akamkuta ng'ombe mbavu nje, lakini anacheua. Akanitazama mimi.

"Wenzako Geita wanachimba dhahabu. Wewe umechimba godoro?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Dada, robota lako la mwisho likiisha naondoka naye."

Liliisha siku ya tatu. Mjomba akaanza kusokota kamba. Mama akatazama huku na huku uani, kisha macho yake yakatua kwenye paa la chumba changu: nyasi za mwaka juzi, kavu, lakini nyasi. Akaleta ngazi. Sikuwa na haki ya kusema neno, nikapanda nikazing'oa mwenyewe, fungu kwa fungu, mama akizinyunyizia maji ya chumvi. Ng'ombe alizila bila furaha, lakini alizila. Siku ya kumi mjomba alichoka kungoja nyasi ziishe, akarudi kwake na kamba yake mkononi.

Mvua ilikuja mchana mmoja baada ya hapo, nimelala. Sikuwa na paa wala robota, mkeka tu kwenye udongo. Nilipokurupuka nimelowa chapachapa, mama alikuwa mlangoni kwake, amejishika kiuno, ng'ombe wake mwekundu akilamba maji kwenye ukuta nyuma yake, tumbo limejaa ndama.

"Mayu, naloa!"

"Kaa huko huko," alisema, na kicheko kikamshinda. "Pata hewa, mwanangu. Pata hewa."